Hela ya Mguu wa Mama

Mama alivunjika mguu Novemba ya mwaka juzi, kule Tanga. Simu ilipokuja usiku hatukukaa kufikiri. Sisi wawili, mtu na dada yake, tulifungua programu ya kutuma fedha, tukaingiza namba za kadi ya mkopo, tukatuma dola 500. Kulipokucha zilikuwa zimeshafika kwenye simu ya mjomba. Tulijiona watoto wema.

Kadi ile tuliichukua kwa ajili ya vitabu na makoti ya baridi. Tulijua kwamba ukilipa deni lote kabla ya tarehe yake hutozwi riba kwa ulivyonunua. Tusilolijua ni kwamba benki yetu huhesabu kutuma fedha kwa kadi hiyo kuwa ni kuchukua fedha taslimu. Ada yake asilimia 5 hapohapo, dola 25, na riba ya karibu asilimia 30 kwa mwaka inaanza siku ileile. Tungetumia kadi ya akaunti yetu ya kawaida, hayo yasingekuwepo. Lakini kwenye akaunti hiyo tulikuwa na dola 60.

Desemba ikaja taarifa: deni dola 1,100, malipo ya chini dola 36. Tukashusha pumzi. Nani asiye na dola 36? Tukalipa. Januari vilevile. Kumbe zaidi ya 25 kati ya hizo zilikuwa riba tupu, na kwa kuwa tulibakiza deni, hata mchele wa Jumamosi ulitozwa riba tangu Jumamosi hiyohiyo. Deni likapanda.

Februari ndipo tulipokisoma kile kisanduku ambacho sheria ya 2009 inailazimisha benki kukiweka kwenye taarifa: ukilipa kiasi cha chini tu, utamaliza baada ya miaka 5, na utakuwa umelipa karibu dola 2,000. Kiko wazi, kwa herufi za kawaida. Tulikuwa tunakiruka. Sheria hiyohiyo inasema kinachozidi malipo ya chini kiende kwanza kwenye deni lenye riba kubwa, kwa hiyo kuongeza hata dola 20 kuna maana kuliko tulivyodhani.

Tuliamua dola 150 kila mwezi, na kadi ikae kabatini. Kwa viza zetu haturuhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, tena chuoni tu, basi fedha ilibidi itoke tumboni: maharage, ugali, maharage. Ndiyo sababu hatukuja kwenye safari ya klabu mwezi wa Aprili. Wengine mlidhani tumenuna.

Julai mama alipiga simu kuomba ada ya mtoto wa shangazi. Tukamwambia hatuna mpaka Desemba. Akanyamaza.

“Kumbe ile hela ya mguu mlikopa?”

“Ndiyo, mama.”

“Mbona hamkusema? Mjomba wenu alikuwa ameshampata mnunuzi wa mbuzi wake. Mimi ndiye niliyemwambia aache, watoto wametuma.”