Mzigo Usioonekana

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye pembeni hahisi uzito ulio begani mwa mwingine. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, lakini sikuielewa barabara mpaka nilipofundishwa na gari langu, hapa Soweto mjini Moshi.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser 100, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1998 na ambayo watu wetu waliipa jina la shangingi. Nililinunua kuukuu nilipostaafu ualimu, nia yangu ikiwa kuwachukua wageni waendao kupanda Kilimanjaro kwa lango la Marangu. Lina sifa moja ya ajabu: mwili wake huinuka na kushuka kwa amri ya kitufe. Pampu husukuma mafuta mpaka kwenye shokamzoba za magurudumu manne, na kila shokamzoba ina tufe la chuma lenye gesi ya naitrojeni, ambayo hubonyea na kufutuka njia iwapo mbaya. Lakini mafuta hayabebi peke yake. Nyuma husaidiwa na springi za koili, na mbele na fimbo za chuma zinazojisokota.

Tamaa ikaniingia. Nikatia bampa la chuma na winchi, keria juu ya paa, betri ya pili, friji, tairi la pili la akiba, na tangi la kuongeza lita 60 za dizeli, ambazo peke yake zina uzito wa kilo 50 hivi. Kila nilipoongeza kitu nilirudi nyuma hatua chache nikalitazama gari. Lilisimama sawasawa, wala halikuinama hata kidogo. Nikajisifu kwa majirani kwamba nimepata mnyama asiyechoka.

Kumbe lilikuwa limechoka. Siku moja, nikishuka na wageni kutoka Marangu, nilihisi kila shimo likinipanda uti wa mgongo. Tulipoingia kona yenye mabonde, mkia wa gari uliruka ukavuka katikati ya barabara, na lori lililokuwa likipanda likatukosa kwa shubiri chache. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika Himo.

Kesho yake nililipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu. Aliliinua mpaka kimo cha juu, akatazama alama ya mafuta katika kikopo chake. Akalishusha, akatazama tena. Tofauti ilikuwa ndogo mno.

"Mwalimu," akasema, "matufe yamekufa. Gari la springi tupu likizidiwa hukaa chini nyuma, mwenyewe ukaona haya ukalipunguzia. Hili halisemi. Likizidiwa husukuma mafuta zaidi ili lisimame wima, na presha ile ndiyo iliyoyaua matufe."

Dawa yake ilikuwa kukirudishia chuma kazi ya chuma. Alitia springi ngumu zaidi nyuma, akakaza fimbo za mbele, akafunga matufe mapya, kisha akapima presha mpaka iliporudi katika kiwango chake. Alinionya pia kwamba springi ngumu kupita kiasi ni kosa jingine, kwa kuwa mafuta hukosa kazi na gari hurukaruka. Na kwamba springi mpya hazikuzi breki, wala hazibadili uzito wa mwisho uliowekwa na mtengenezaji.

Kwa hiyo tuliviweka mizanini vyote nilivyoongeza. Vilifika kilo 300. Mzigo wa mpagazi wa Kilimanjaro umewekewa mpaka wa kilo 20, nao hupimwa langoni. Mimi nililitwisha gari langu mizigo ya wapagazi 15 bila mizani yoyote. Tangi, friji na tairi la pili vikabaki kwa fundi.

Jioni nilirudi nyumbani kwa miguu, nikamkuta mke wangu akiosha vyombo. Ilikuwa mwaka wa sita tangu tuwachukue watoto wanne wa marehemu ndugu yangu, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akilalamika. Nikakumbuka kwamba yeye naye nilipata kumsifu kwa majirani kwa neno lile lile: hachoki.

Nikamwuliza, "Mama, mzigo huu umekuelemea?"

Alinyamaza kitambo, mikono yake ikiwa bado majini. Kisha akasema, "Baba, leo ndiyo mara ya kwanza kuniuliza." Akaketi juu ya kigoda, akalia.

Tangu siku hiyo wavulana wakubwa hupika siku tatu kwa juma, nami huamka kwanza kuwasha moto na kuwatayarisha wadogo waende shule. Si mengi, lakini mke wangu sasa hulala mchana siku ya Jumapili, jambo ambalo sikupata kuliona zamani.

Aliyeinama chini ya mzigo kila mtu humwona, na wema humkimbilia. Aliyesimama wima ndiye tunayemwongezea. Yeye ndiye wa kuulizwa kwanza, kabla matufe hayajafa.