Ufa wa Kuziba na Tundu la Kuacha



Sisi tuliolelewa chini ya mapaa ya makuti na bati hatukuzoea kuifikiria nafasi iliyo baina ya dari na paa. Kwetu hewa huingia upenuni na kutoka itakapo, wala mtu hana habari nayo. Nami niliponunua nyumba kuukuu hapa Toronto, nilidhani baridi ni adui wa kufungiwa milango tu.

Katika vuli ya mwaka 2021 nilipanda darini na marobota ya sufi ya kioo, nikaitandika juu ya ile ya zamani. Nilipohisi upepo ukiingia upenuni, niliusokomezea sufi mpaka ukanyamaza. Nilishuka nikijisifu mbele ya watoto.

Januari iliyofuata, maji yalianza kudondoka juu ya kitanda cha binti yetu, ilhali nje hapakuwa na mvua. Kisha likatokea doa jeusi la kuvu, na mtoto, ambaye tangu zamani ana pumu, akaanza kubanwa na kifua usiku.

Mzee mmoja wa msikitini kwetu, fundi seremala, alipanda nami na kurunzi. Misumari ya paa ilikuwa imevaa barafu. "Mwanangu," akaniambia, "umeziba palipotakiwa kuachwa, ukaacha palipotakiwa kuzibwa."

Mvuke wa jikoni na wa maji ya moto ya kutawadhia ulikuwa ukipanda pamoja na hewa ya joto kupitia matundu ya mabomba, ya nyaya za taa, na kandokando ya mlango wa darini. Sufi hiyo hupunguza upotevu wa joto, lakini haizuii hewa kupenya. Mvuke ulipogusa mbao baridi za paa uliganda, na jua lilipowaka ukayeyuka. Feni ya bafuni nayo ilikuwa ikitoa hewa yake humo humo darini.

Tulianza upya. Sufi iliyolowa tuliitupa. Tuliziba kila tundu kwa povu la kuzibia, isipokuwa kandokando ya bomba la moshi, ambako tulitumia bati na gundi inayostahimili moto. Mlango wa darini tuliuzungushia ukanda wa mpira, na bomba la feni tukalifikisha nje. Kisha tukaufungua upenu na kupachika vibao vya kuizuia sufi isiuzibe tena. Kanuni za ujenzi za Kanada hutaka, kwa paa la mteremko kama letu, matundu ya hewa yasiyopungua sehemu 1 kwa 300 ya eneo la dari. Dari yetu ya mita za mraba 90 ilihitaji mita ya mraba 0.3, mengine upenuni na mengine karibu na kilele cha paa. Baada ya hayo yote ndipo tulipotandika sufi mpya.

Fedha iliyopotea haikuniuma kama kikohozi cha mwanangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilijiona nimewatii. Basi, ndugu yangu, kabla hujaziba, muulize ajuaye ufa ni upi.

Siku hizi, usiku wa baridi kali, husimama mlangoni pa chumba cha binti yangu nikasikiliza anavyopumua.

Wabillahi tawfiq.