Mzigo wa Mwenzio

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, nikaitumia katika insha nyingi na kupata alama nzuri, lakini maana yake sikuipata mpaka mwaka jana nilipokuwa kidato cha pili. Aliyenifundisha hakuwa mwalimu. Alikuwa baba yangu mzazi, dereva wa lori.

Mpenzi msomaji, sisi tunaosoma shule hii ya kutwa hapa Mariakani tumelelewa kando ya barabara kuu iendayo Nairobi kutoka Mombasa. Malori ndiyo saa yetu. Yakinguruma usiku kucha tunalala fofofo, yakinyamaza ndipo tunapoamka tukiuliza, "Kuna nini huko barabarani?" Wageni wakipita na mabasi yao huona malori tu, yote sawa. Lakini mtoto wa dereva haangalii rangi ya lori wala maandishi ya kwenye turubai. Anahesabu ekseli.

Ekseli ni ule mtaimbo wa chuma unaopita chini ya gari kutoka gurudumu la upande huu hadi la upande ule. Uzito wote wa mzigo hushuka hapo, kisha kwenye matairi, kisha kwenye lami. Mama yangu ana kibanda cha mahamri na mbaazi si mbali na mizani, na nikiwa mdogo baba alikuwa akikaa nami hapo siku za mapumziko, ananifundisha kuhesabu kwa malori badala ya vijiti. Lori dogo lina ekseli mbili na matairi sita. Lori la matairi kumi lina ekseli tatu: moja ya usukani mbele, na mbili pacha nyuma. Trela kubwa la kontena lina sita: ya usukani, mbili za kichwa, na tatu zilizopangana mkiani, jumla matairi ishirini na mawili. Lori la matairi kumi likivuta trela lenye ekseli nne huwa ni saba, na hilo ndilo lililonifurahisha kupita yote, maana nilikuwa nikimaliza vidole vya mkono mmoja na kuingia mkono wa pili.

Nilipokua akanieleza sheria. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria moja ya uzito wa magari, iliyopitishwa mwaka wa 2013. Ekseli ya usukani isizidi tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Ekseli mbili pacha, tani 18. Tatu pamoja, tani 24. Na hata ukiwa na ekseli nyingi namna gani, gari zima na mzigo wake lisipite tani 56. Ukipita mizani umezidisha, gari linazuiwa, unatozwa, na mzigo unapunguzwa au kupangwa upya. Baba alikuwa akisema, "Mizani haina mjomba." Mimi nikicheka.

Sasa nije kwenye kiini cha habari yangu.

Kazi ya malori si kama zamani. Reli mpya ilipoanza kubeba mizigo mwaka wa 2018, makontena mengi yalipanda treni, na madereva wengi wa hapa kwetu wakarudi nyumbani kukaa. Amri ya kulazimisha makontena kupanda treni iliondolewa mwaka wa 2022, lakini si kila aliyekosa kazi aliirudia. Baba alikaa miezi mingi bila kazi ya maana. Hatimaye akapata tajiri mmoja mwenye malori machache, akapewa lori la matairi kumi kupeleka saruji bara. Nyumbani tukaanza tena kunywa chai ya maziwa.

Siku moja, muhula wa pili, baba alikwenda kupakia. Bohari lenyewe lilikuwa upande wa bara wa mizani yetu, na saruji ilikuwa inakwenda Voi. Lori lile likiwa tupu lilikuwa na uzito wa tani 10 hivi. Kisheria lori la ekseli tatu mwisho wake ni tani 26, yaani 8 za mbele na 18 za nyuma. Basi nafasi ya mzigo ilikuwa tani 16, ambazo ni mifuko 320 ya kilo hamsini hamsini. Tajiri aliagiza ipakiwe mifuko 440.

Baba alipofika akakuta vibarua wamekwisha kupanga. Akazunguka lori, akainama kutazama springi za nyuma, akasema, "Toeni mia na ishirini." Msimamizi akampigia tajiri simu. Tajiri akasema hakuna mizani tena hapo katikati, aende tu. Baba akajibu, "Nyuma hapa patakuwa na tani ishirini na nne. Huo ni mzigo wa ekseli tatu. Mimi nina mbili." Tajiri akamwambia kama haendi aweke funguo mezani. Baba akaweka funguo mezani, akarudi nyumbani kwa miguu.

Laiti lori lile lingekatika springi njiani, mpenzi msomaji, labda mambo yangekuwa rahisi kwangu. Halikukatika. Dereva mwingine alilichukua jioni ile ile, akapita Samburu, Taru, Mackinnon Road na Maungu, akafika Voi salama salimini, akalipwa. Dereva huyo ni mzazi wa mwanafunzi mwenzetu, ambaye sitamtaja kwa sababu hana kosa. Juma lililofuata alikuja shuleni na viatu vipya. Mimi juma hilo hilo niliitwa ofisini pamoja na wengine ambao hatujalipa pesa za chakula cha mchana. Tukapewa barua tupeleke nyumbani.

Nilifika nyumbani jua likiwa la utosi. Baba alikuwa ameketi chini ya mwembe akishona kiatu. Nilimkabidhi barua, akaisoma taratibu, akaikunja. Sijui shetani gani aliniingia. Nilisema, "Kwani ungekufa, baba? Si ungebeba tu kama wenzako? Mwenzako amebeba na hakuna kilichotokea. Sisi ndio tunaorudishwa nyumbani."

Baba hakunipiga. Hakunijibu hata neno. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na shati lingine, akaenda zake stendi kutafuta kibarua. Mama aliyesikia kutoka jikoni alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akasema, "Nenda kamuulize babu yako kuhusu mguu wake."

Babu yangu anaishi nasi. Anachechemea, na mguu wake wa kushoto hauna vidole viwili. Tangu utotoni tuliambiwa ni ajali ya kazi, na mtoto wa Kiafrika hamuulizi mkubwa mara mbili. Siku hiyo nilimuuliza.

Babu alianza kazi ya utanboi mwaka wa 1975. Alinipa hadithi ndefu, nami nitaifupisha. Zama hizo, alisema, lori lilikuwa halina mambo mengi. Usukani ulikuwa mzito hata dereva akitoka safari mikono inamtetemeka. Malori ya Kenya yalikuwa yakienda mpaka Zambia, ila mwaka wa 1977 mpaka wa Tanzania ukafungwa, na njia ikabaki hii ya Nairobi na Uganda. Tanboi ndiye aliyekuwa fundi, mlinzi na mpishi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kigogo. Kigogo ni kipande cha mti kilichochongwa kama kabari. Lori likishindwa mlimani, tanboi huruka chini kabla halijasimama sawasawa na kukisukuma kigogo nyuma ya gurudumu, lisirudi kinyumenyume.

"Siku hiyo tulikuwa na mahindi," babu akasema. "Gari ya ekseli mbili. Ilistahili kubeba mzigo wa kiasi, sisi tukapandisha magunia mpaka juu ya mbao, kamba ikapigwa. Mzungu wa kuuliza hakuna, polisi hakuna. Basi. Tukafika mlimani, gari ikakohoa, ikazima. Nikaruka. Nikaweka kigogo, kikashika. Nikasema alhamdulillahi. Halafu nikasikia kinalia, kwaa, kwaa, kama mtu anatafuna mfupa. Uzito unakisaga. Nikataka kukisukuma kwa mguu kiingie vizuri."

Hapo babu akanyamaza, akautazama mguu wake kama kwamba ni wa mtu mwingine.

"Dereva wangu alipona, nami nikapona. Vidole vilibaki pale. Tajiri alinipa nauli ya kurudi. Baba yako alikuwa bado kijana mdogo, ndiye aliyekuwa akiniosha kidonda kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Miezi minne. Kwa hivyo usimwambie baba yako kwamba hakuna kilichotokea. Yeye alikiosha."

Machozi yalinitoka. Lakini nitasema ukweli, maana gazeti hili la Chama chetu cha Kiswahili si mahali pa kujipamba: bado sehemu ya moyo wangu ilikuwa inauliza. Hayo ni ya zamani. Malori ya siku hizi yana breki za upepo na injini zenye nguvu. Kama gari lilifika Voi, kosa liko wapi?

Jibu la swali hilo nililipata darasani. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa akifundisha kuhusu nguvu na kanieneo, nami nikanyoosha mkono na kuuliza habari ya malori. Alifurahi sana. Akatueleza kwamba huko Illinois, Marekani, kati ya mwaka wa 1958 na 1960, wahandisi walijenga barabara za majaribio na kuzungusha malori yenye mizigo juu yake kwa muda wa karibu miaka miwili, wakipima jinsi lami inavyoharibika. Waligundua kwamba uharibifu hauongezeki sawa na uzito. Unaongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha uzito mara mbili, barabara haiumii mara mbili, inaumia karibu mara kumi na sita.

Nilichukua kalamu na kupiga hesabu ya lori la baba. Tani 24 juu ya ekseli zilizostahili 18: gawanya, unapata 4 juu ya 3. Pandisha kipeo cha nne, unapata 256 juu ya 81, yaani tatu na zaidi kidogo. Ile safari moja ya mifuko 440 iliikanyaga barabara, kwa zile ekseli za nyuma, kama safari tatu za halali. Faida ya mifuko 120 alichukua mtu mmoja. Hasara tuligawiwa wote, hata sisi tuliokosa chakula cha mchana.

Jioni nilipotoka shule nilitembea kando ya barabara, pale malori yanapopanda polepole. Tazama siku moja, ewe mwenzangu, utaona. Lami imedidimia katika mifereji miwili, mmoja kila upande, na katikati imeinuka kama mgongo. Mvua ikinyesha mifereji hiyo inajaa maji, na boda boda akiteleza humo tunasema ni bahati mbaya. Nilisimama hapo mpaka lori moja la matairi kumi likapita likilia kwa uzito, springi za nyuma zimenyooka kama rula. Sikujua dereva wake ni baba wa nani. Nilijua tu kwamba huenda naye ana barua ya shule mfukoni, na sikuweza kumchukia.

Usiku huo nilimngoja baba. Alirudi akiwa na vumbi la mawe mwili mzima, kwa kuwa alikuwa amepata kibarua cha kupakia kokoto. Nilimpelekea maji ya kuoga, kisha nikamwonyesha daftari langu na ile hesabu. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Nilikosa adabu." Aliitazama hesabu kwa muda mrefu. Baba aliishia darasa la nane. Akaniuliza, "Hii tatu hapa ndiyo nini?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Mimi nilikuwa najua ni mbaya, mama, lakini sikujua ina namba." Kisha akaomba chakula.

Hadi ninapoandika haya baba hajapata lori la kudumu. Huitwa siku mbili tatu kumshikia mtu usukani, halafu anakaa. Pesa zangu za chakula zinalipwa kidogo kidogo, na namshukuru Mwalimu Mkuu kwa kukubali hivyo. Yule mwenzangu wa viatu vipya bado tunakaa dawati moja. Juzi aliniambia baba yake amelalamika kwamba kila akirudi safari mgongo unamuuma na usingizi haumpati, kwa kuwa njia nzima huwa anasikiliza tairi. Nikaona kumbe hata yeye hakubeba usufi.

Kabla sijakunja jamvi, nina neno moja kwa wenzangu ambao wazazi wao wako barabarani. Wakirudi nyumbani wamechoka na mikono mitupu, tusiharakishe kuwauliza wameleta nini. Tuwaulize kwanza walibebeshwa nini, na juu ya ekseli ngapi.