Alienda Fildi Makumbusho, Akarudi na Swali Lililomtoa Mama Yake Machozi

Tuambiane ukweli: wengi wanaenda fildi ili wagongewe muhuri. Unasaini kitabu cha mahudhurio, unatumwa kutoa fotokopi, unapiga selfie mbili tatu za kuposti, miezi miwili imekatika, unarudi chuo kudai maksi.

Kuna binti mmoja wa Chicago, jina lake linahifadhiwa, naye alianza hivyohivyo. Miaka 20, mwaka wa pili, anasoma historia. Wazazi wake ni Wamexico, yeye kazaliwa hukohuko Marekani. Likizo ya kiangazi ilipokaribia, wenzake walikuwa wanagombania nafasi kwenye mabenki na makampuni ya teknolojia. Yeye alichelewa kuomba, na pale alipopata palikuwa pamoja tu: National Museum of Mexican Art, kwenye mtaa wa Pilsen.

Kwa wasiopajua, Pilsen ni mtaa uliopewa jina na wahamiaji wa Kicheki waliotangulia kukaa pale, kabla Wamexico hawajaujaza. Ukishuka kwenye treni ya Pink Line, kituo cha 18th Street, ngazi na kuta zimechorwa mpaka unajiuliza kama umefika kituoni au kwenye maonyesho ya sanaa. Yale makumbusho yalianzishwa mwaka 1982 na kundi la walimu wakiongozwa na Carlos Tortolero, yakafungua milango mwaka 1987 ndani ya Harrison Park. Yana vitu zaidi ya 18,000, na kiingilio ni bure. Bure kabisa. Ndiyo maana utakuta bibi na wajukuu, mafundi ujenzi wametoka kazini na buti zao, wanafunzi na wapenzi wa kwenye foleni za kwanza za mapenzi, wote ndani.

Sasa binti huyu alikuwa na mambo mawili anayotembea nayo kimyakimya. La kwanza, Kihispania chake. Anaelewa kila kitu, ila kukizungumza ni shughuli. Nyumbani mama anaongea Kihispania, yeye anajibu Kiingereza, maisha yanasonga. Kuna jina la utani wanalopewa vijana wa aina yake, "no sabo", yaani anayekosea hata kusema "sijui". Kama una binamu aliyekulia ushuani, akija kijijini anamsalimia babu "hi", basi unaelewa.

La pili lilikuwa rangi yake. Binti ni mweusi wa kuonekana, na nywele zake ni za kipilipili. Kila akiuliza nyumbani aliambiwa "sisi ni morenos tu, watu wa pwani, jua kali." Akaacha kuuliza.

Wiki ya kwanza ilienda vizuri. Alipewa kazi ya kukaribisha wageni, kupanga vipeperushi na kusaidia kwenye vipindi vya watoto. Pia alikuwa anasaidia kuandaa karatasi za rangi zilizotobolewa, papel picado, kwa ajili ya Siku ya Wafu. Siku yenyewe ni Novemba, lakini kazi kama hiyo haianzi jana yake. Makumbusho yale yanafanya maonyesho ya Siku ya Wafu kila mwaka tangu 1987, na ni makubwa kwelikweli.

Wiki ya pili ndipo akaja mzee mmoja na mkewe. Mzee mchangamfu, kofia kichwani. Akamuuliza kwa Kihispania:

"Wewe ni wa wapi, mija?"

"Wa hapahapa Chicago."

"Hapana, namaanisha wazee wako."

"Mexico."

Mzee akacheka, wala si kwa ubaya. "Mexico? Wewe? Nilidhani Cuba. Au Jamhuri ya Dominika."

Mkewe akamvuta mkono, wakaendelea na safari yao. Ilichukua sekunde kumi tu. Lakini hebu fikiria: umesimama ndani ya makumbusho ya watu wako, umevaa kitambulisho chao shingoni, halafu mtu wako anakwambia hufanani na nyumbani. Na lugha ya kumjibia huna! Binti alienda chooni, akakaa huko dakika kadhaa, akanawa uso, akarudi mlangoni kukaribisha wageni.

Mama mmoja wa idara ya elimu, ambaye ndiye aliyekuwa anamsimamia, aliona kila kitu. Hakumwita kumpa pole wala hotuba. Kesho yake asubuhi alimwekea mezani kitabu kikubwa, kizito, cha maonyesho yaliyofanyika hapohapo mwaka 2006, The African Presence in México: From Yanga to the Present. Akamwambia, "Kisome ukipata nafasi," akaondoka zake.

Binti alikisoma chakula cha mchana. Akakisoma kwenye treni. Akapitiliza kituo.

Humo ndimo alikokutana na Yanga, Mwafrika aliyetoroka utumwani kwenye miaka ya 1570, akaingia milima ya Veracruz na wenzake, wakaishi huko huru. Mwaka 1609 Wahispania wakatuma jeshi, wakashindwa kuwamaliza, mwisho wakakubali kukaa mezani. Wale watu wakapata mji wao. Mji huo upo mpaka leo, na unaitwa Yanga.

Akakutana na Vicente Guerrero, mtu mwenye asili ya Afrika aliyekuwa rais wa Mexico mwaka 1829 na kutangaza kufutwa kwa utumwa mwaka huohuo. Marekani ilikuja kufanya hivyo mwaka 1865. Jimbo la Guerrero limepewa jina lake. Na bibi yake binti, mama mzaa mama, ametoka jimbo hilohilo la Guerrero!

Akakutana pia na Costa Chica, ukanda wa pwani ya Pasifiki kuanzia Guerrero mpaka Oaxaca, ambako wazao wa Waafrika wameishi kwa karne nyingi. Kulikuwa na jina la mji aliloshindwa kulitamka mara ya kwanza: Cuajinicuilapa. Alilisoma kwa silabi kama mtoto wa chekechea. Kisha akakumbuka amewahi kulisikia, kwenye simu, bibi akitaja alikozaliwa kabla ya kuhamia Acapulco.

Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na picha ya mwanamke wa pwani hiyo, amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba. Binti aliitazama muda mrefu. Sura ile aliijua. Si mtu yuleyule, la, ila ilikuwa sura ya kwao.

Jioni akaenda moja kwa moja kwenye kabati la mama. Mnalijua lile kopo la bluu la biskuti ambalo ndani hakuna biskuti hata siku moja, ni nyuzi na sindano? Kumbe hata Wamexico wanalo. Chini ya nyuzi kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha picha ndogo ya mwanamke mweusi tii, nywele amezifunga kitambaa, anamwangalia mpiga picha kama anamdai. Binti alikuwa ameiona mara moja akiwa mdogo. Alipouliza, mama alijibu "ni mtu wa kijijini", akaifunika.

Safari hii hakumuuliza mama. Alipiga simu ya video Acapulco.

Kihispania chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini alikaza. Akaiweka picha mbele ya kamera, akauliza, "Bibi, huyu ni nani?"

Bibi alinyamaza mpaka binti akadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Huyo ni mama yangu."

Yakatoka yote. Kwamba mama yake alikuwa mwanamke wa Cuajinicuilapa, muuza samaki, aliyekunywa kahawa nyeusi bila sukari asubuhi na jioni. Kwamba bibi alipokuwa msichana aliambiwa na kila mtu ajitahidi "mejorar la raza", aboreshe mbegu, maana yake aolewe na mtu mweupe kuliko yeye ili watoto watoke na rangi. Akaolewa hivyo. Alipohamia mjini akaulizwa ametoka wapi, akasema Acapulco, akaishia hapo. Picha ya mama yake haikuwahi kutundikwa ukutani.

Kabla hujawacheka, angalia kwanza meza ya vipodozi pale kwenu. Mkorogo ule ulianza na sentensi kama hiyohiyo.

Mama aliporudi kazini akaikuta picha juu ya meza ya kulia. Hakukuwa na chakula usiku ule.

"Nani kakuruhusu kufungua kabati langu?"

"Bibi kaniambia yote."

"Kwa nini unafukua vitu? Nchi hii imetutesa kwa kuwa Wamexico tu. Kwa karatasi, kwa lafudhi, kwa kila kitu. Sasa unataka na weusi tuongeze juu yake?"

Binti akamjibu kwa Kiingereza, maana hasira haina muda wa kutafuta sarufi: "Wewe unaweza kuchagua kutokuongeza. Mimi naamka nao kila siku."

Mama akaingia chumbani. Siku nne waliishi kama wapangaji wawili, "habari" na "nzuri". Mama mdogo mmoja alipoiona ile picha kwenye grupu la familia aliandika kwamba vijana wa siku hizi wamejazwa mambo ya Kimarekani, akajitoa kwenye grupu.

Na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Yale si mambo ya Kimarekani. Mwaka 2019 katiba ya Mexico yenyewe iliwatambua Wamexico wenye asili ya Afrika. Sensa ya mwaka 2020 ikawahesabu kwa mara ya kwanza kama kundi, wakapatikana zaidi ya milioni 2.5. Watu milioni mbili na nusu ambao mzee mwenye kofia alidhani ni Wacuba.

Agosti ikafika. Mwisho wa fildi, kila mwanafunzi alitakiwa achague kitu kimoja akieleze mbele ya wageni, familia na watoto, dakika kumi tu. Wengi walichagua michoro. Binti aliomba azungumzie Costa Chica, kisha akasema atazungumza Kihispania. Msimamizi akamuuliza kama ana uhakika. Akasema hana.

Siku yenyewe viti vilikuwa kama thelathini. Alianza kwa kutetemeka. Akaeleza habari za Yanga, za Guerrero, za Ngoma ya Mashetani, Danza de los Diablos, ambayo watu wa pwani ile huicheza Siku ya Wafu wakiwa na vinyago vya pembe na mfupa wa taya la mnyama unaokwanguliwa kama chombo cha muziki. Watoto wakataka kujua kama meno ya lile taya ni ya kweli. Akawaambia ndiyo, na yanalia. Wakafurahi sana.

Halafu akainua nakala ya ile picha ndogo. "Huyu ni mama mzaa bibi yangu. Alikuwa anauza samaki. Nyumbani kwetu alikaa ndani ya kopo la biskuti."

Akageuka kuonyesha Cuajinicuilapa ukutani, akasema, "Hapa, kwenye la mapa..."

Sauti ikatoka nyuma ya ukumbi, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika: "*El* mapa, mija. *El* mapa."

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama karibu na mlango na sare yake ya kazi, begi begani. Hakuna aliyejua kaingia saa ngapi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"El mapa," binti akarudia, akamalizia dakika zake.

Walirudi na treni moja, hawakuongea mengi. Mama aliuliza kitu kimoja tu, kama ile nakala ya picha inaweza kufanywa kubwa.

Usidhani kila kitu kilikaa sawa. Mama mdogo hajarudi kwenye grupu mpaka leo. Bibi bado anasema "sisi morenos", na ukimwambia neno jingine anabadilisha mada, anauliza umekula nini. Kihispania cha binti bado kina makosa, ila sasa anakosea kwa sauti.

Lakini Novemba walipotengeneza madhabahu ya wafu nyumbani, na yale maua ya rangi ya chungwa, mishumaa na mkate, picha ya katikati ilikuwa ya muuza samaki wa Cuajinicuilapa, ndani ya fremu. Binti alikuwa anamalizia kupanga maua mama alipotoka jikoni na kikombe cha kahawa nyeusi, akakiweka mbele ya picha. Baba, bila kujua lolote, akasogeza bakuli la sukari karibu.

Mama akaliondoa.

Haya, na wewe: kwenu nani yuko ndani ya kopo la biskuti?