Tumfunge ngamia: watoto wetu na maji



Sisi wa visiwani tumezungukwa na maji, lakini wengi wetu wanawake hatujui kuogelea. Mtoto wa kiume hujifunza pwani na wenzake. Wa kike huambiwa akae ufukweni amuangalie mdogo wake. Akikua huingia baharini kulima mwani au kutafuta chaza, na maji yakimpita kifua hana la kufanya.

Husemwa kuwa aliyekufa maji ni shahidi. Ni kweli, imo katika hadithi sahihi. Lakini hiyo ni rehema kwa aliyefikwa, si ruhusa kwetu ya kutojikinga. Mtume (S.A.W.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza kisha amtegemee Allah. Na katika hadithi iliyopokewa na An-Nasai, kujifunza kuogelea ni miongoni mwa mambo manne yasiyohesabiwa kuwa upuuzi.

Watoto wa madarasa ya mwanzo skuli tuwafundishe haya:

Usiingie majini bila mtu mzima anayekuangalia.

Jifunze kuelea chali kabla ya kupiga mbizi: masikio majini, tumbo juu, mikono wazi, pumzi polepole. Anayeweza kuelea hupata muda wa kusubiri msaada.

Jua maji kujaa na kupwa. Hugeuka kila baada ya saa 6 hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hujaa kwa nguvu zaidi. Anayecheza kwenye fungu arudi nchi kavu mapema.

Mwenzako akizama, usimrukie. Anayezama humng'ang'ania mwokozi, wakazama wote wawili. Piga kelele, ita wakubwa, mtupie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko.

Na sitara? Kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo maalumu zinazofunika mwili mzima, na wanawake wakiwa miongoni mwa walimu. Kwa hiyo stara haimzuii binti kujifunza. Tunachohitaji ni mwalimu wa kike, nguo isiyolowa ikawa nzito, na wakati ambapo pwani imetulia.

Nawe bibi harusi mtarajiwa, usione kuwa haya hayakuhusu. Somo atakufunza mengi kabla ya ndoa. Muombe aongeze na hili. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika ndoo yenye maji kidogo tu, na mara nyingi huzama kimya kimya, mama yuko jikoni asisikie kitu. Ndoo ikishatumika imwagwe na ifudikizwe. Pipa na kisima vifunikwe. Mlango wa choo ufungwe.

Watoto ni amana, na amana huulizwa. Tuwafundishe, tuwaangalie, kisha tuwaombee. Allah atuhifadhie vizazi vyetu, barani na baharini. Aamiyn.