Achoraye Ndiye Ajenge?

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie mjengo. Mimi na ndugu zangu tumechanga pesa tumjengee mama nyumba, na tumegawanyika. Tutafute msanifu atuchoree ramani kisha tuite wakandarasi washindane kwa bei, au tumpe mmoja achore na ajenge kwa mkataba mmoja?

Sisi waandishi wa programu njia ya kwanza tumeionja. Mchambuzi anaandika mahitaji ya mteja, kisha anaondoka. Wewe unayeunda ukigundua jambo haliwezekani, yeye anasema hukusoma vizuri, wewe unasema hakuandika vizuri. Kwenye ujenzi ni vivyo hivyo: ramani ikiwa na kasoro, mkandarasi anadai malipo ya ziada, na mwenye mradi analipa kwa kuwa yeye ndiye aliyempa hiyo ramani. Mkataba ukiwa mmoja, wa kuulizwa ni mmoja.

Sababu ya pili ni muda. Daraja la I-35W mjini Minneapolis, Marekani, liliporomoka tarehe 1 Agosti 2007, likaua watu 13. Jimbo la Minnesota likaamua lijengwe upya kwa mkataba mmoja. Misingi ilichimbwa huku sehemu za juu zikiendelea kuchorwa, na tarehe 18 Septemba 2008 magari yakaanza kupita, miezi kama mitatu kabla ya muda uliowekwa. Tena walioshinda zabuni, Flatiron-Manson, ndio waliotaja bei ya juu kuliko wote, dola milioni 234 hivi. Jimbo lilipima ubora wa pendekezo pamoja na bei na siku za kazi.

Lakini kuna mtego. Katika njia ya zamani, msanifu humkagulia mwenye mradi kazi ya mkandarasi. Kwenye mkataba mmoja, msanifu huyo yuko upande wa mjenzi. Ni kama kumwachia mwandishi wa programu aijaribu mwenyewe kisha atuambie iko sawa. Minnesota ilikuwa na wahandisi wake. Sisi hatuna.

Kwa hiyo nimewaambia ndugu zangu: tukimpa mmoja kazi yote, tutenge pesa za mhandisi wetu wenyewe, aje aukague msingi kabla haujamwagiwa zege. Ndugu yetu mkubwa anaona huko ni kutupa pesa. Nyinyi mwaonaje?