Kusikia kwa Mbali

Mtafiti wa fasihi simulizi hukabiliwa na kitendawili: akimsogezea fanani maikrofoni mdomoni, wimbo hugeuka hotuba, akikaa mbali, upepo na ngurumo za pikipiki humeza maneno. Nilikumbana na hali hiyo nikirekodi nyimbo za Kipokomo karibu na Garsen.

Safu ya maikrofoni hutegua kitendawili hicho. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Maikrofoni mbili zilizoachana sentimita 34 zaweza kupishana hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde katika kuipokea. Kompyuta husawazisha upishano huo kumwelekea mwimbaji, kisha hujumlisha: sauti yake hukua, kelele za pembeni zikafifia.

Hata hivyo, bibi mmoja aliniuliza iwapo chombo hicho kingemsikia hata akizungumza na wanawe. Swali lake lina uzito. Lahani ya wimbo wa taifa la Kenya, lililopata uhuru mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Sauti ya nyumbani yaweza kufika mbali mno. Hivyo basi, wanafunzi wenzangu, tuiweke maikrofoni mbali, lakini sisi tuketi mkekani, tuombe ruhusa, ndipo tusikilize.